Kisima cha Kogo Chesang

Ndabibi, Naivasha
8 Septemba 2025

Kwako Baba Jalal,

Shikamoo, na salamu kwa Mama Jalal. Mimi mzima. Mvua imenyesha hapa siku tatu mfululizo na njia ya kwangu sasa inawafaa bata tu.

Utashangaa kupata barua ya karatasi kutoka kwangu. Simu ninayotumia ni ya kampuni, na bosi wangu, Bwana Omolo, hupitia orodha ya namba tulizopiga kila Ijumaa kama mwalimu anayekagua kucha. Kwa hiyo naandika, na bahasha naipeleka kwa ofisi ya vifurushi pale stendi. Wameniahidi itafika Bondeni kabla ya saa nane.

Najua umeshaliona tangazo. Kibali cha kutafuta mafuta na gesi katika kitalu cha Kapsirwa kimefunguliwa kwa kampuni ndogo, na mafaili yanatakiwa kwenye sanduku la zabuni Ijumaa tarehe 24 Oktoba, saa nne asubuhi. Sihitaji kuambiwa kwamba Jalal Energy itaomba. Umekingoja kitalu hicho miaka kumi na minne. Ninachotaka ujue ni kwamba Ziwa Energy nayo itaomba, na aliyepewa kazi ya kuandaa faili ni mimi.

Nilitaka uisikie kwangu kabla hujaisikia barazani. Baba yangu alipokuwa akiendesha lori lako la kuchimba visima, mimi nilikuwa nikila kwenu kuliko kwetu. Hata jiolojia nilienda kusoma kwa sababu yako. Kama unaona nimekukosea, sema. Nikipata neno lako nitafanya kazi yangu kwa moyo mmoja, maana hivi sasa nina mioyo miwili na yote inaniuma.

Ni mimi binti yako,
Cheptanui


Bondeni, Nakuru
12 Septemba 2025

Binti yangu Cheptanui,

Marahaba. Barua yako nimeisoma nikacheka mpaka Mama Jalal akatoka jikoni na mwiko mkononi kuja kuuliza kuna nini. Nilipomsomea, yeye hakucheka. Alisema, "Mtoto huyo ameandika akiwa na wasiwasi, mjibu vizuri." Basi nakujibu vizuri.

Hujanikosea chochote. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na mimi nilikulea uwe mkaidi. Wewe andaa faili la Omolo kwa nguvu zako zote, usinihurumie hata ukurasa mmoja. Asiyekubali kushindwa si mshindani. Ila nakuonya mapema kwamba utashindwa. Wewe una kompyuta na ramani za rangi. Mimi nina kisima.

Ulikuwa shule ya bweni mwaka ule wa 2011, kwa hiyo habari hii unaijua nusunusu. Kogo Chesang, yule bibi wa Kapsirwa, alituita tumchimbie maji. Tulipofika mita themanini na nne, bomba likakoroma na maji yakaanza kutokota, na ukiyagusa ni baridi. Harufu ya yai bovu ikajaa boma zima. Juu ya maji ukaelea utando wa rangi zote. Baba yako akazima mashine, akaniangalia, akasema, "Darweshi, hii si maji." Mimi nikakaa chini palepale kwenye matope. Mwaka ule ule nikaandikisha kampuni, na jina la kuipa sikuwa na haja ya kulitafuta.

Nasikia kuna kampuni ya tatu sasa, ya vijana wa Nairobi. Waje. Ukienda Kapsirwa kuomba barua ya idhini ya mwenye shamba, mpelekee Kogo sukari, na usikatae maziwa yake hata kama yamekolea mkaa. Mimi huenda kila Desemba na kilo nne.

Simu yangu nimeizima mpaka siku ya sanduku. Omolo si mtu pekee anayejua kusoma orodha.

Baba Jalal


Ndabibi
22 Septemba 2025

Kwako Baba Jalal,

Nimefika Kapsirwa na nimerudi salama. Kogo Chesang anakusalimu sana. Anaulizia magoti yako, anaulizia Mama Jalal, na anauliza kwa nini mwaka jana ulileta sukari ya kahawia. Nilimwambia ni bei. Alinipa mursik, maziwa yale ya mkaa, nikanywa kibuyu kizima, na barua ya idhini akaweka kidole bila maswali. Nimeona na nakala ya yako, imehifadhiwa kwenye Biblia. Sasa nakala ya yangu iko kwenye Biblia hiyo hiyo, kurasa chache mbele.

Mahindi ya huko yamekubali. Ng'ombe wamenona. Mjukuu wake Kimberly amemaliza kidato cha nne na anataka kuwa nesi.

Kisimani sikukaa sana.

Nina swali moja la kitaalamu, usilichukulie vibaya. Zile sampuli za gesi ulizochukua zamani, zilipimwa maabara gani, na walisema nini? Nauliza tu.

Cheptanui


Bondeni
26 Septemba 2025

Binti yangu,

Swali lako limenichekesha kuliko barua ya kwanza. Hiyo ni mbinu ya Omolo, si yako, ya kumtuma mtoto akachungulie sufuria ya jirani. Ila sina cha kuficha. Nilipeleka chupa mbili za soda nilizozijaza kisimani na kuzifunga kwa gundi. Maabara wakanicheka, wakasema wanataka chombo maalumu cha chuma, na bei ya chombo ilinirudisha Nakuru siku ile ile. Tangu hapo maabara yangu ni pua na macho. Visima mia mbili na zaidi nimechimba kwa maabara hiyo.

Nitakwambia jambo nisilomwambia mtu wa zabuni. Watu wanadhani nataka utajiri. Kwa umri huu utajiri nitaupeleka wapi? Jalal alikufa kwa sababu mafuta yetu hupita barabarani ndani ya malori. Lori la mafuta lilipinduka pale Sachangwan, yeye alikuwa akipita tu kutoka Molo, barabara ikafungwa, akateremka kuangalia, na mafuta yakashika moto. Nikaapa kwamba kama kuna gesi katika bonde hili, itoke ardhini iingie kwenye bomba, na bomba liingie jikoni kwa mtu, pasiwe na lori wala mtungi wala kijana wa miaka ishirini na mbili anayeteremka kuangalia. Hayo ndiyo ninayoyaombea kibali.

Mambo ya benki yapo sawa. Dhamana itatoka wiki ya pili ya Oktoba. Usiwe na wasiwasi juu yangu, pambana.

Baba Jalal


Bondeni
1 Oktoba 2025

Mwanangu Cheptanui,

Barua hii ni yangu mimi Najwa, na Baba Jalal hajui kama naandika. Yuko msikitini. Nitaipeleka mwenyewe stendi nikienda sokoni.

Amekwambia mambo ya benki yapo sawa. Yapo sawa kwa sababu hati ya nyumba hii amewapa wao. Nyumba aliyojenga babake, ambayo Jalal alizaliwa chumba cha pili. Kampuni ikishinda na pasipatikane kitu, au akikosa kutimiza kazi alizoahidi kwenye faili, benki itachukua. Aliniuliza kama nakubali, nikakubali. Nitamkatalia vipi mtu ambaye jambo hilo ndilo lililomwamsha asubuhi miaka yote hii? Ulikuwa mdogo, hukumwona alivyokuwa mwaka wa 2009. Kisima kile ndicho kilichomrudisha mezani kula na mimi.

Lakini mimi pia ni mtu, na nyumba ni yangu pia, na usingizi umenipaa.

Barua yako ya mwisho niliisoma. Uliandika kuhusu mahindi na ng'ombe na mjukuu, halafu kisima ukakipa maneno matatu. Mimi nimekulea, nakujua. Ukiwa na jambo huongea mengi pembeni yake. Wewe umesomea mambo haya na umefika pale. Nakuuliza kama mama anavyomuuliza binti yake, kuna kitu pale au hakuna? Yeye hawezi kuniambia, maana hajapata kuwasha hata njiti pale. Tangu Sachangwan hashiki kiberiti. Jiko nawasha mimi, mshumaa nawasha mimi, hata ubani. Nadhani watu wote wanafikiri aliijaribu ile gesi siku ya kwanza. Hakuijaribu.

Usinifiche.

Mama yako,
Najwa


Ndabibi
4 Oktoba 2025

Kwako Baba Jalal,

Barua hii nimeiandika mara nne, na hii ya nne ndiyo fupi.

Siku ile Kapsirwa nilifanya kitu ambacho sikukwambia. Nilipima gesi ya kisima kwa kifaa nilichoazima kwa rafiki anayefanya kazi kwenye umeme wa mvuke wa Olkaria. Upande wa gesi inayowaka kilisoma sifuri. Nikadhani kimeharibika. Nikarudi nyuma, nikawasha mshumaa, nikaufunga kwenye ufito mrefu na kuusogeza mpaka mdomoni mwa bomba. Ulizimika. Niliwasha mara saba na ukazimika mara saba.

Ile ni hewa ya ukaa, Baba Jalal. Ndiyo inayotiwa kwenye soda, na ndiyo maana maji ya kisima kile yanakata ulimi. Harufu ya yai bovu ni ya volkano, hata Olkaria inanuka hivyo. Utando wa rangi niliuchokoa kwa kijiti ukavunjika vipande na haukuungana tena. Mafuta yangerudi kuungana. Ule ni kutu ya maji.

Sisemi hakuna mafuta chini ya Kapsirwa yote. Kitalu ni kikubwa, na hakuna anayejua kilicho chini kilomita mbili. Nasema kisima cha Kogo Chesang si ushahidi wa mafuta, na sitaki uweke kitu kikubwa juu yake. Gesi kama hiyo ina wanunuzi wake, ila kibali chake kinaombwa dirisha jingine kabisa.

Nilinyamaza wiki mbili. Sehemu ni kwa sababu nimeapa kutotoa siri za ofisi, lakini sehemu kubwa ni woga. Niliogopa kukunyang'anya. Nimeona ni afadhali unichukie. Leo nimeandika barua mbili. Nyingine ni ya Bwana Omolo na ina maneno haya haya, ili mtu yeyote asiseme nimempendelea mmoja.

Nisamehe.
Cheptanui


JALAL ENERGY
Bondeni, Nakuru
8 Oktoba 2025

Kwa Bi. Cheptanui Kosgei,
Ziwa Energy, Naivasha.

KUH: KITALU CHA KAPSIRWA

Barua yako ya tarehe 4 imepokelewa.

Mshumaa huzimwa na upepo, na Kapsirwa kuna upepo. Mpinzani anayemtaka mwenzake ajitoe wiki mbili kabla ya siku ya sanduku hakosi cha kuandika. Nilikwambia mwenyewe upambane, lakini nilidhani utapambana kwa faili. Nilikufundisha kusoma mawe. Usaliti umeufundishwa kwingine.

Kampuni hii itawasilisha ombi lake kama ilivyopangwa. Usiandike tena.

Darweshi Athumani
Mkurugenzi


Ndabibi
11 Oktoba 2025

Mama Jalal,

Nimeambiwa nisimwandikie yeye, kwa hiyo naandika kwako.

Uliniuliza na jibu umeshaliona, maana najua barua zote mnazisoma pamoja. Hakuna. Nasikitika kwamba nilichelewa mpaka ukauliza.

Upande wa huku nimepewa likizo bila mshahara. Bwana Omolo alisoma barua yangu akiwa amesimama, akaikunja, akaniuliza, "Huyo mzee amekulipa ngapi?" Habari ya nyumba yenu imemfikia, sijui kwa mdomo wa nani, na ndiyo iliyomkaza. Alisema, "Mzee hawezi weka nyumba yake kwa kitu hana uhakika nayo. Anataka sisi tutoke abaki peke yake." Halafu akaniambia siri ambayo sasa si siri tena. Ziwa Energy inaomba kitalu hiki kwa sababu Jalal Energy inaomba. Na wale vijana wa Nairobi wameingia kwa sababu sisi wawili tumeingia. Nilitoka nje nikacheka peke yangu kwenye maegesho mpaka askari akaniuliza kama niko sawa. Kampuni tatu, Mama Jalal, na kiberiti hakuna.

Mimi hawezi kuniamini. Wewe labda atakuamini. Ukienda, washa mshumaa mbali, nje kabisa ya ua wa kisima, ukiwa umefungwa kwenye ufito mrefu, halafu usogee polepole. Usiende asubuhi pasipo na upepo, na usiiname karibu na bomba, hewa ile hulala chini na haina pumzi. Kogo amezungushia ua kwa sababu mbuzi wawili walikufa hapo.

Sijakasirika. Kidogo tu.

Cheptanui


Bondeni
21 Oktoba 2025

Mwanangu Cheptanui,

Tumerudi Kapsirwa jana jioni. Baba Jalal ameketi hapa kando yangu na kalamu imemkataa, kwa hiyo naandika mimi, na yeye anaangalia nisiongeze chumvi.

Nilimwambia Jumamosi usiku kwamba nataka kukiona kisima. Miaka kumi na minne ananisimulia, sijapata kukiona. Alifurahi. Tukakodi gari, tukanunua sukari nyeupe. Kiberiti na mishumaa nilivitia ndani ya mkoba chini ya kanga, na njia nzima nilikuwa na aibu kama mwizi.

Kogo Chesang alitupokea vizuri, akatuwekea chai. Nikaomba ufito. Kimberly akaniletea wa mkonge, mrefu kuliko mimi mara mbili. Nilipotoa kiberiti, Baba Jalal alisimama akakaa, akasimama tena. Alisema, "Najwa, rudisha hicho kitu." Nikamwambia, "Jalal alikuwa mwanangu pia." Hatukupata kuambiana hivyo, mwanangu. Miaka yote hii kila mtu alikuwa akimlilia chumbani kwake.

Akaondoka akaenda kusimama getini, mgongo ametupa. Mimi nikafanya kama ulivyoandika. Kimberly akanisaidia kushika mwisho wa ufito. Mshumaa ulikwenda ukiwaka vizuri, ulipofika mdomoni mwa bomba ukazimika. Nikajua atasema ni upepo, nikawasha tena, nikangoja majani ya mti yatulie kabisa. Ukazimika. Wa tatu. Wa nne. Wa tano nilipogeuka kuuwasha, nikamkuta amesimama nyuma yangu. Sijui alikuja saa ngapi.

Wa sita aliuwasha yeye. Alivunja njiti tatu kabla moja haijashika. Akaupeleka mwenyewe, taratibu, mkono mmoja ananishika mimi. Ulipozimika aliushusha ufito, akasema, "Haiwaki." Akasema tena hivyo hivyo, sauti ya mtu anayejiambia mwenyewe. Nilidhani atalia. Alicheka, na machozi yakaja baadaye, na vyote viwili vilikuwa vya kweli.

Kogo alikuwa mlangoni akituangalia kwa huruma. Baba Jalal akamuuliza kama alijua. Akasema, "Mimi najua tangu mlipochimba. Taa yangu ilizimika hapo mara ya kwanza nikienda kutafuta kuku." Basi mbona hakusema? Kogo akashangaa kweli. "Hamkuniuliza kama inawaka. Mliniuliza kama inanuka, nikasema ndiyo, inanuka. Na wewe ni mgeni wangu. Unakuja kila mwaka, unasimama hapo, unafurahi. Ningekuharibia siku aje?" Akatuongeza chai.

Njiani kurudi tulianza kuona taa za mjini. Ndipo Baba Jalal akasema, "Najwa, nimetafuta cha kuwaka, nimepata cha kuzima." Nikamjibu kwamba mimi sioni ubaya wake. Akalala begani kwangu mpaka Bondeni, na dereva akijifanya haoni.

Leo asubuhi alikwenda benki.

Mama yako,
Najwa


Bondeni
25 Oktoba 2025

Binti yangu Cheptanui,

Kalamu imenirudia. Nitaanza na habari, maana nikianza na lile jingine sitamaliza.

Hati ya nyumba iko sandukuni chini ya kitanda. Barua ya dhamana ilikuwa bado haijatolewa, ilingoja sahihi moja ya mtu aliyekuwa likizo. Sikuwahi kumpenda mtu anayechelewa kazini mpaka wiki hii.

Jana nilikwenda Nairobi hivyo hivyo. Mama Jalal alisema ni upuuzi kwenda kwenye zabuni bila faili, lakini nilikingoja kitalu miaka kumi na minne, nikaona si heshima nisikizike. Nilifika saa tatu. Kwenye ukumbi nje ya chumba cha sanduku alikuwepo Omolo, bahasha yake kubwa ameikumbatia, na kijana mmoja wa ile kampuni ya Nairobi amevaa suti ya kubana. Omolo aliniangalia mikono. Akaangalia chini ya kiti changu. Akauliza, "Mzee, faili iko wapi?" Nikamwambia ukweli, sikuona sababu ya kuuficha. Nikamwambia, "Sina. Mke wangu aliwasha mshumaa pale kisimani mara tano, na mimi mara moja. Haiwaki."

Alicheka kwanza. Akasema mimi ni mjanja wa zamani. Nikamwambia hati ya nyumba yangu nimeirudisha, apige simu benki kama ana mtu huko, na najua anaye. Akatoka nje akapiga. Aliporudi alikaa kiti cha pili kutoka kwangu. Kijana wa suti alikuwa amesikia yote. Akaja polepole akaniuliza kwa adabu kama nina uhakika. Nikamuuliza wao walikuwa na uhakika gani. Akafikiri, akasema, "Sisi tuliona nyinyi mmeingia." Nilimpa pole, maana alikuwa wa rika la Jalal, na kila kijana wa rika hilo mimi humpa pole.

Saa nne kamili karani akafunga mlango, akalifungua sanduku mbele yetu kama sheria inavyotaka. Lilikuwa tupu. Alitia mkono ndani akapapasa pembe zote. Akatuangalia sisi watatu, wawili na bahasha zao mapajani na mmoja mikono mitupu, akauliza tumekuja kufanya nini. Tukatoka, Omolo akanirudisha na gari lake mpaka Naivasha, na njiani alininunulia mahindi ya kuchoma.

Huenda mafuta yapo kilomita mbili chini, kama ulivyosema. Yakiwepo yatamngoja mwingine. Mimi nimetosheka. Ile gesi ya soda tutaizungumza mezani, wewe na mimi na Kogo, na mara hii tutamuuliza yeye kwanza.

Omolo atakuja kwako Jumatatu kukurudisha kazini. Amenieleza maneno atakayosema, ni mazuri, ameyafikiria kuanzia Limuru. Mwache asimame mlangoni kidogo kabla hujamkaribisha.

Sasa lile jingine. Wewe uliniambia kweli ukijua itakugharimu mimi na kazi kwa siku moja, na nyumba hii imesimama kwa sababu hiyo. Nami nikakuandikia kwa muhuri wa kampuni, nikakuita msaliti. Binti wa Kosgei, aliyekula mkononi mwangu. Nimeona haya hata mbele ya Mama Jalal. Nakala niliyobaki nayo nimeichana. Yako iko kwako, na nikiifikiria hapo ilipo silali. Njoo Jumamosi, uje nayo, niichane mbele ya macho yako nikuombe radhi vizuri.

Baba yako,
Darweshi


Ndabibi
28 Oktoba 2025

Kwako Baba Jalal,

Bwana Omolo alikuja. Nilimwacha mlangoni muda wa kuchemsha chai, na mvua ilikuwa inanyesha. Nimerudi kazini.

Jumamosi nitakuwa Bondeni saa tano. Mama Jalal asianze pilau bila mimi, vitunguu nitakata mimi. Radhi nimekupa tangu mlipotoka Kapsirwa, huna haja ya kuiomba mara ya pili, lakini ukiomba nitasikiliza, maana naipenda sauti yako ukiwa umeshindwa.

Ile barua siwezi kuja nayo. Jioni ile niliyoipokea nilikuwa na njaa na hasira na kuni zilikuwa mbichi, nikawashia jiko. Hiyo iliwaka, Baba Jalal.

Ni mimi binti yako,
Cheptanui